Thamostati ya 'baridi' haiongezi rejeta: Kwa nini lori la turbo bado linachemka kilimani Salama

Kaa kwenye benchi la gereji yoyote ya malori, iwe Kariobangi Light Industries ama zile za kando ya barabara pale Mlolongo, na kabla chai yako ipoe utasikia mtu akisema: "Toa hiyo thamostati, weka ya baridi." Husemwa kwa sauti ya mtu anayefunga mjadala. Lori linachemka? Weka ya baridi. Turbo inapiga kelele? Weka ya baridi. Dizeli inaisha haraka? Ya baridi. Nashangaa bado hawajaanza kuwaandikia wagonjwa wa malaria.

Ningeicheka tu na kupita, lakini siku hizi wasee wa rika langu ndio wenye hayo malori. Hakuna anayengoja barua ya kazi. Watatu ama wanne wanachanga, wanakopa sacco, wananunua Isuzu kuukuu yenye turbo ama Hilux Surf ya zamani, halafu wanaanza kubeba nyanya, nyasi za ng'ombe, mawe ya ujenzi, viti vya harusi, chochote kinacholipa. Injini ndiyo biashara yenyewe. Hedi ikipasuka, mkopo haupasuki nayo. Unaendelea kukatwa kila mwezi huku lori likiwa juu ya mawe pale Kariobangi, na kuku wanalala ndani ya kebini.

Kwa hivyo hebu tukifungue hiki kidude, tuone kinafanya nini na hakifanyi nini.

Thamostati ni mlango. Basi. Inakaa kwenye njia ya maji kati ya injini na rejeta, saizi ya ngumi ya mtoto, na katikati yake kuna kikombe kidogo cha shaba kilichojaa nta. Nta ikiwa baridi imeganda, na springi inaubana mlango ufungike. Maji yakipata moto wa kutosha nta inayeyuka, inavimba, inasukuma kipini, mlango unafunguka na maji yanaenda kwenye rejeta kupoa. Hakuna waya, hakuna kompyuta. Aliyebuni chombo hiki cha nta anaitwa Sergius Vernet, mwaka wa 1934, na hadi leo kinafanya kazi vilevile kwenye injini nyingi utakazokutana nazo barabarani.

Kila thamostati imechongwa namba. Kwenye dizeli nyingi za Kijapani tunazoendesha hapa utakuta 82. Hiyo ni digrii ambayo mlango unaanza kufunguka. Unaanza, hauishi. Unakuja kuwa wazi kabisa maji yakifika kama 95. Kuna nyingine zimeandikwa 76.5, na hiyo ndiyo mafundi wetu huita "ya baridi". Yenyewe inaanza mapema, na inakuwa wazi kabisa kwenye 90 hivi. Na kuna ya 88, ambayo hupatikana sana kwenye magari madogo ya petroli.

Sasa sikiza hapa, manake hapa ndipo watu wengi huachia usukani. Mlango ukishakuwa wazi kabisa, thamostati imemaliza kazi yake. Kutoka hapo, joto la injini linaamuliwa na rejeta, feni, pampu ya maji, mzigo uliobeba na mguu wa dere. Fikiria bausa wa klabu. Akianza kuwaruhusu watu kuingia saa mbili badala ya saa tatu, ukumbi haujaongezeka hata futi moja. Foleni itaanza kuchelewa kidogo, lakini ukumbi ukijaa, umejaa. Thamostati ya 76.5 ni yule bausa wa saa mbili.

Kwa hivyo inakupa nini hasa? Inakupa pa kuanzia. Badala ya kuanza kupanda mlima maji yakiwa digrii 84, unaanza yakiwa 78. Kama mlima ni mfupi, zile digrii sita zinaweza kukufikisha juu kabla mambo hayajaharibika. Kama mlima ni mrefu, utachemka vilevile, mita mia chache mbele ya pale ungechemkia.

Tuje kwa turbo, manake ndiyo inayowatia watu kiwewe. Turbo ni feni mbili kwenye chuma kimoja: moja inazungushwa na moshi unaotoka kwenye injini, nyingine inasukuma hewa kuingia. Chuma hicho kinaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na upande wa moshi joto hupita digrii 600 lori likiwa limebanwa kilimani. Hewa nyingi zaidi ikiingia, dizeli nyingi zaidi inachomwa, nguvu inapatikana. Lakini nguvu haiji peke yake. Katika kila lita ya dizeli unayochoma, karibu theluthi ya moto wake haiendi kwa magurudumu wala kwa ekzosi, inaingia kwenye maji. Ukiongeza nguvu, umeongeza kazi ya rejeta, upende usipende.

Halafu kuna jambo la nchi yetu ambalo video za mtandaoni haziwezi kukuambia. Sisi tunaishi juu. Kutoka Mombasa hadi Nairobi unapanda karibu mita 1,700, na ukiendelea hadi Timboroa unapita 2,700. Huko juu hewa ni nyepesi. Injini isiyo na turbo inaishiwa pumzi, nguvu inapungua, na joto linapungua nayo. Ya turbo inakataa kuchoka. Inazidi kusukuma hewa, inazidi kuchoma dizeli, lakini ile hewa nyepesi inayopita kwenye rejeta haibebi joto kama ile ya Voi. Kwenye mita 2,500 hewa imepungua uzito kwa karibu moja ya tano. Injini ni ileile, moto ni uleule, lakini rejeta ni kama imekatwa kipande.

Na maji yenyewe huchemka mapema. Hapa Nairobi sufuria inachemka ikiwa karibu digrii 94, sio 100 tuliyokaririshwa shuleni. Timboroa ni 91 hivi. Kinachookoa lori lako ni kile kifuniko cha rejeta chenye springi, kilichoandikwa 0.9 ama 1.1. Hicho ndicho kinaleta presha, na presha inapandisha kiwango cha kuchemka kwa takriban digrii 20. Mpira wa kifuniko ukiwa umekufa, umerudi kwenye 94. Nimeona watu wakibadilisha thamostati mara mbili, na hicho kifuniko chenye kutu kikirudishwa palepale kila mara kama kofia ya babu.

Wacha nikupe mfano ninaoujua vizuri. Kuna jamaa tuliyekulia naye Umoja, yeye na wenzake wawili wana lori la Isuzu lenye turbo. Wanabeba nyanya na vitunguu kutoka Kimana, chini ya Mlima Kilimanjaro, wanatokea Emali, wanashika barabara kuu ya Mombasa hadi Marikiti. Nyanya haina subira. Ukifika Marikiti saa tisa usiku unapata bei. Ukifika saa nne asubuhi unapata lawama. Na njiani kuna kile kilima cha Salama, baada ya Sultan Hamud, ambapo malori yote yanapanda kwa gia ndogo, moja nyuma ya jingine, bila upepo wa kupoza chochote.

Lori lao lilianza kuchemka hapo. Si kila safari, ila likiwa limejaa makreti na mchana ukiwa mkali, mshale unapanda. Wakasimama mara ya kwanza, mara ya pili. Mara ya tatu walifika sokoni jua likiwa limetoka na wakauza kwa bei ya kutupa.

Fundi wa kwanza, wa kando ya barabara, alifanya kile mafundi wengi hufanya: aling'oa thamostati kabisa na kuitupa. "Sasa maji yanapita huru," akawaambia. Kwa siku mbili walifurahi, mshale ulikuwa chini kabisa. Kisha asubuhi za Kimana, ambako huwa na baridi ya mlima, lori likawa linatoa moshi mweupe nusu saa nzima. Dizeli ikaanza kuisha kabla ya wakati. Na Salama? Likachemka. Bila thamostati.

Hapo wengi huinua mikono na kusema ni uchawi ama ni lori la laana. Si uchawi. Kwenye injini nyingi za Isuzu na Toyota za dizeli, thamostati ina sahani mbili. Ya juu inafungua njia ya kwenda kwenye rejeta. Ya chini, ambayo watu hawaitazami, inafunga njia ya mkato inayorudisha maji ya moto moja kwa moja kwenye injini. Injini ikiwa baridi hiyo njia ya mkato inahitajika, ili maji yazunguke na kupata moto sawasawa. Ikipata moto, sahani inaiziba ili maji yote yaende yakapoe. Ukiitoa thamostati, hakuna wa kuiziba. Sehemu ya maji yako ya moto inazunguka tu ndani, haijui kama rejeta ipo. Ndiyo sababu lori lisilo na thamostati linaweza kuwa baridi mno tambarare na moto mno mlimani, siku hiyohiyo.

Mafundi wengine watakuambia eti ni kwa sababu maji yanapita haraka mno, hayapati muda wa kupoa. Hiyo ni hekaya. Maji yakizunguka zaidi yanapoza zaidi. Tatizo ni kwamba hayapiti kwenye rejeta.

Baada ya hapo jamaa yangu akafanya kile sote hufanya, akaingia YouTube. Akakutana na Wamarekani wenye pikapu kubwa za dizeli, wanaovuta trela za farasi na maboti kupanda milima yao, na wote wanasifu "thamostati ya 180". Akashuka Grogan, pale Kirinyaga Road, akauliza dukani kama wana ya 180. Muuzaji akamwangalia, akaingia nyuma, akarudi na ya 76.5. "Hii ndiyo baridi kabisa, bro."

Sasa fanya hesabu nami. Wamarekani wanapima kwa Farenhaiti. Digrii 180 za kwao ni 82 za kwetu. Pikapu zao nyingi hutoka kiwandani na za 190 ama 195, yaani 88 hadi 90 hivi, kwa hivyo kwao 180 ni kushuka. Kile wanachokiita baridi ndicho ambacho Isuzu nyingi zilikuja nacho kutoka Japani. Lile lori lilikuwa na "ya 180" tangu mwanzo, na ndiyo ile fundi wa kwanza aliyoitupa mtaroni! Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na bado nasema hili halihitaji digrii. Linahitaji mtu kusoma namba iliyochongwa kwenye chuma.

Wakaifunga hiyo ya 76.5. Nitasema ukweli wote: mambo yalikuwa mazuri kidogo. Njia ya mkato ilikuwa imezibwa tena, moshi wa asubuhi ukapungua, na tambarare ya Emali mshale ulikaa chini. Kilimani, badala ya kuchemka katikati, lilichemka karibu na kilele. Dere akaona ni ushindi. Lakini nyanya za kileleni zinaoza sawa na za katikati.

Aliyeimaliza hiyo kesi ni mzee mmoja wa Kariobangi ambaye hapendi maneno mengi. Walipompelekea lori hakugusa thamostati. Aliuliza: "Maji mnatia ya wapi?" Wakasema popote, visima vya njiani, wakati mwingine mtaro. Akanyamaza. Akawasha injini, akaiacha ipate moto, akachukua ile bunduki ndogo ya kupima joto kwa miale na kuipitisha juu ya rejeta kama anayepaka rangi. Juu moto, katikati moto, halafu upande mzima wa kushoto chini, baridi. "Vijana, hapa hapapiti maji. Mnabeba rejeta nusu."

Kisha akazima injini, akangoja ipoe, akaizungusha feni kwa mkono. Feni ya lori kama hilo ina klachi ya mafuta mazito ndani. Ikiwa nzima, ukiizungusha injini ikiwa imezimwa unahisi inakataa, inasimama mara moja. Yao ilizunguka kama ya mtoto wa nasari. Maana yake ni kwamba kilimani, wakati lori halina mwendo na feni ndiyo tegemeo pekee la upepo, feni ilikuwa inateleza.

Rejeta ikafunguliwa na kuzibuliwa, na uchafu mweupe uliotoka ungejaza sufuria. Hiyo ni chumvi ya visima. Klachi ya feni ikabadilishwa, na kifuniko cha rejeta pia. Kisha mzee akaitoa ile ya 76.5 na kurudisha ya 82. Jamaa yangu alibisha: "Mzee, si hii ya baridi ni bora zaidi? Ibaki tu." Akajibiwa: "Kijana, unataka lori baridi ama unataka lori zima?"

Sikumwelewa siku hiyo, nikaenda kuuliza na kusoma. Injini ya dizeli haipendi baridi. Kuta za silinda zikiwa baridi, dizeli haichomeki yote. Nyingine inateleza pembeni ya pistoni na kuingia kwenye oili, inaifanya nyepesi. Mvuke unaotokana na kuchoma unaganda kuwa maji badala ya kutoka na moshi, unachanganyika na salfa ya dizeli na kuwa asidi inayokula kuta hizo polepole. Dizeli yetu imekuwa safi zaidi tangu Januari 2015, Kenya iliposhuka hadi kiwango cha salfa cha 50 kwa kila milioni, kwa hivyo asidi si kali kama zamani, lakini maji na masizi bado yapo. Kwenye injini zenye kompyuta kuna lingine: sensa ikisema maji bado baridi, kompyuta inadhani gari ndio limewashwa asubuhi, inaendelea kupanga mafuta ya kuwasha. Na kama gari lina chujio la masizi kwenye ekzosi, joto lisipofika kiwango chake huenda chujio lisijisafishe, hadi taa iwake na upelekwe kwa fundi wa laptopu.

Digrii tano na nusu chini ya 82 haziui injini kwa wiki. Sitaki kukutisha. Lori linalobeba mzigo mzito kutwa litapita 80 lenyewe hata na ya 76.5. Hasara inakuja kwa lori la safari fupi, la kusimama na kuwaka mjini, ama linaloishi Limuru na Kinangop ambako asubuhi unaona pumzi yako. Hilo halitapata moto wake kamili karibu siku nzima.

Je, kuna mtu anayestahili ya 76.5? Yupo. Kama injini ni ya zamani, pampu ya dizeli ni ya mitambo bila kompyuta, turbo ipo, mzigo ni mzito, na kazi yako ni joto la Garissa, Lodwar ama Voi, ina maana. Toyota yenye injini ya 1KZ-TE pia, ile ya lita 3.0 ambayo hedi yake ina sifa mbaya ya kupasuka ikichemka, wenye nazo wengi huipenda, na siwalaumu. Lakini wawe wameshahakikisha rejeta inapitisha maji yote na feni inashika. Ukiiweka kuficha rejeta iliyoziba, umefunga plasta juu ya mfupa uliovunjika. Na kuna ubaya mwingine: mshale unakaa chini vizuri tambarare, unajua kila kitu kiko sawa, kumbe ugonjwa unaendelea. Onyo ulilokuwa ukilipata mapema sasa linakuja limechelewa, wakati hedi tayari iko matatani.

Kuhusu huo mshale, usiuamini sana. Kwenye magari mengi ya siku hizi umetengenezwa kukutuliza. Unakaa katikati kutoka digrii 75 hivi hadi ukaribie 105, hauyumbi, halafu unaruka. Wewe kama dere umeambiwa "sawa" kwa digrii thelathini mfululizo. Kama gari lako lina soketi ya kompyuta chini ya usukani, nunua kile kidude cha bluetooth cha kuchomeka hapo, weka programu kwenye simu, usome digrii zenyewe. Kama ni la zamani, fundi wa umeme anaweza kukufungia geji ya kweli yenye namba. Ni hela kidogo ukilinganisha na hedi.

Haya, umeamua unabadilisha, iwe ya 82 mpya ama ya 76.5. Kwanza ijaribu kabla ya kuifunga, manake sokoni kuna feki nyingi zenye boksi zuri. Ifunge kwa uzi, itumbukize kwenye sufuria ya maji isiguse chini, weka kipimajoto, washa jiko polepole. Utaona ikianza kufunguka karibu na namba yake. Ukiona hata kwenye 90 imelala, rudisha dukani. Lakini kumbuka uko Nairobi: maji yako yataishia 94, kwa hivyo ya 82 inaweza isifunguke hadi mwisho ndani ya sufuria. Usimgombeze muuzaji kwa hilo. Na ukiwa unaipima ya 88 ukiwa Timboroa, bora ungoje ushuke.

Kazi yenyewe si kubwa, ila inafanywa injini ikiwa baridi. Baridi ya kushika kwa mkono, si ya kukisia. Kifuniko cha rejeta kikifunguliwa moto, maji yaliyoshikwa na presha yanageuka mvuke papo hapo na yanaruka usoni, na kuna makanga na mataniboi wengi wenye makovu ya kukuonyesha. Mwaga kulanti kwenye karai, usimwage chini: ile ya glaikoli ina utamu, mbwa na watoto huionja, na ni sumu. Fungua nyumba ya thamostati, safisha gasketi ya zamani bila kukwaruza chuma, weka mpya. Kuna katundu kadogo pembeni kenye kipini kinachochezacheza. Hako kanakaa juu kabisa, ndiko hewa inakopitia. Kakikaa chini, hewa inanaswa ndani, nta inakaa kwenye hewa badala ya maji, na mlango haufunguki kwa wakati. Watu wengi wamelaani thamostati nzima kwa sababu ya katundu hako. Na usishangae fundi akikuta mbili: injini nyingine kubwa zina thamostati mbili, na ukibadilisha moja tu unakuwa umefanya nusu ya kazi.

Jaza taratibu, washa hita ya kebini iwe moto kabisa, acha injini ingurume bila kifuniko hadi mapovu yaishe, ongeza, funga. Siku mbili za kwanza angalia kiwango kila asubuhi. Na tafadhali tia kulanti halisi iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa chumvi. Rangi haikuambii aina, kuna za kijani na nyekundu zinazogombana, kwa hivyo soma chupa. Jamaa yangu siku hizi anabeba dumu la lita ishirini lililochanganywa tayari, nyuma ya kiti, na taniboi ameonywa kwamba akichota maji ya kisima tena atatembea hadi Emali.

Nilipanda nao wiki tatu zilizopita kutoka Kimana, makreti yamejaa hadi juu, simu ikiwa imebandikwa kwenye dashibodi ikionyesha digrii. Tambarare ya Sultan Hamud ilisoma 84, 85. Tulipoanza kupanda Salama ikawa 88, ikawa 91. Dere alikuwa ananyamaza kila namba ikibadilika. Ikafika 95 nyuma ya trela la simiti lililokuwa likitambaa, na hapo tukaisikia feni ikishika, mngurumo kama wa ndege ndogo. 96. Ikakaa. Tulipotokea Malili ilikuwa imerudi 87, na dere akaanza tena kutusimulia habari za Gor Mahia.

Ile thamostati ya 76.5 iko kwenye droo ya lori, ndani ya boksi lake. Wanaiuza, kama kuna mtu ana 1KZ na anakaa Voi.